UCHAMBUZI: Vyuo vifunze misingi ya wavuti, si zana pekee

MWANAFUNZI aliyesomea teknolojia ya habari mwanzoni mwa miaka ya 2000 huenda angali anaikumbuka programu ya FrontPage.

Kampuni ya Microsoft iliiuza kwa ahadi kwamba mtu angeweza kuunda tovuti bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Alichohitaji ni kubofya, kupachika picha na kuchapa maneno yake jinsi anavyochapa barua.

Mwaka wa 2006, Microsoft iliachana na programu hiyo. Flash ya kampuni ya Adobe, iliyotumiwa sana kuunda vibonzo na michezo ya mtandaoni, ilifikia kikomo Desemba 31, 2020. Aliyefunzwa programu hizo pekee alibaki na cheti cha ujuzi usiohitajika tena.

Hali ni tofauti kwa HTML, lugha inayotumiwa kupanga maandishi, picha na viungo katika ukurasa wa wavuti. Ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyetoa pendekezo la wavuti mnamo 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, Uswisi.

Aprili 30, 1993, kituo hicho kilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti ingetumiwa na yeyote bila malipo. Lugha hiyo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini aliyeielewa miaka 20 iliyopita bado anaweza kuusoma msimbo wa ukurasa ulioundwa leo.

Tofauti hii ina uzito mkubwa nchini Kenya, ambako wazazi wengi hukopa au kuuza mifugo ili kulipa karo ya kozi za kompyuta. Mzazi hulipa akitumai kwamba mwanawe atapata kazi, wala si cheti cha kutundikwa ukutani.

Hivyo basi, suala la jinsi mwanafunzi anavyofunzwa somo la zana za wavuti si jambo dogo la kuachiwa wahadhiri pekee. Linahusu pesa za mzazi na riziki ya kijana.

Msingi wenyewe si mgumu kueleweka. Mtu anapoandika anwani ya tovuti, kivinjari kilicho katika simu au kompyuta yake hutuma ombi kwa seva, nayo seva hujibu kwa kutuma ukurasa. HTML huupa ukurasa huo muundo, CSS huupa rangi na mpangilio, na JavaScript huuwezesha kuitikia vitendo vya msomaji.

Nyuma ya hayo huwa kuna hifadhidata inayotunza kumbukumbu. Mwanafunzi anayeelewa safari hii anaweza kuhama kutoka zana moja hadi nyingine bila wasiwasi, kama seremala ajuaye mbao anavyobadilisha randa.

Wapo wanaodai kwamba vyuo vingi, hasa vya mashambani, havina vifaa vya kufunzia somo hili. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi kuwa kisingizio.

Kujifunza HTML na CSS hakuhitaji leseni ya bei ghali. Programu sahili ya kuandikia, ambayo huwa tayari katika kompyuta, na kivinjari cha bure vinatosha. Hata intaneti ikikatika, mwanafunzi anaweza kuandika ukurasa, kuuhifadhi na kuufungua papo hapo.

Kikwazo kikubwa zaidi ni namna ya kufunza na kutahini. Mtihani wa kalamu na karatasi unaweza kupima iwapo mwanafunzi amekariri maana ya HTML. Hauwezi kuonyesha iwapo anajua kutafuta kosa pale ukurasa unapokataa kufunguka.

Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 iliunda baraza la kushughulikia mitaala, utahini na utoaji wa vyeti, na vyuo vya kiufundi vimekuwa vikihamia mfumo unaopima umilisi. Ni hatua nzuri, mradi umilisi unaopimwa uwe wa kazi halisi.

Waajiri nao wana hoja yao. Wanataka kijana anayeweza kutumia WordPress au zana nyingine siku ya kwanza kazini, bila kufunzwa upya. Hoja hiyo ni ya haki, na hakuna anayesema zana zisifunzwe. La muhimu ni mpangilio: msingi utangulie, zana zifuate.

Historia ya karibuni ya Kenya yenyewe inaonyesha faida ya msingi. Mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipochacha, vijana waliojua kazi ya wavuti waliunda tovuti ya Ushahidi kwa muda mfupi. Iliwawezesha wananchi kuripoti matukio, nayo ripoti zikaonyeshwa kwenye ramani. Baadaye mfumo huo ulitumiwa katika nchi nyingine, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010.

Wakati huo nyaya za baharini za intaneti, ambazo zilianza kuhudumia nchi mwaka wa 2009, zilikuwa bado hazijafika. Waliofaulu hawakuwa na mtandao wa kasi, bali walijua namna ya kuunganisha ujumbe mfupi, ramani na hifadhidata.

Ukosefu wa msingi una hatari zake pia. Julai 2023, huduma za eCitizen zilitatizwa na mashambulizi ya mtandaoni, na wananchi wakahangaika kupata stakabadhi. Tukio hilo lilikumbusha nchi kwamba tovuti siku hizi ni mlango wa huduma za umma, na mlango huhitaji walinzi waliofunzwa.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwajibisha yeyote anayekusanya habari za watu. Kijana anayeunda fomu ya kuuliza nambari za vitambulisho na simu, bila kujua zinahifadhiwaje, anaweza kumwingiza mteja wake mashakani.

Mtego wa kale sasa umerudi kwa sura mpya. Tangu ChatGPT izinduliwe Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuagiza msimbo wa tovuti nzima kwa sentensi chache tu. Ahadi ni ile ile ya FrontPage: tovuti bila jasho.

Zana hizi zina manufaa makubwa kwa anayeweza kukagua kazi yake. Asiyejua atapokea makosa pamoja na mazuri, na hatatambua tofauti hadi mteja alalamike.

Suluhisho liko karibu. Kila mwanafunzi wa somo hili anafaa kuunda tovuti halisi kabla ya kuhitimu, iwe ya duka la pembejeo, chama cha akina mama au shule ya msingi iliyo jirani na chuo. Atahiniwe kwa kazi hiyo, na aeleze kila sehemu inavyofanya kazi.

Tovuti hiyo ijaribiwe kwenye simu ya bei nafuu, kwa kuwa picha nzito hummalizia mteja bando zake. Na ikiwa ni ya Kiswahili, msimbo wake utaje hivyo, ili programu za kuwasomea wasioona zitambue lugha inayosomwa.

Vyuo havina muda mrefu wa kusubiri. Mwaka wa 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule za msingi na za upili. Watoto watakaofunzwa humo siku moja watabisha hodi vyuoni, na itakuwa aibu wakikuta mhadhiri angali anawafunza kubofya.