Wafu Wanatudai Nini?

BARAZANI
Na Mwanasha Kazungu

Ukitaka kuwasha ugomvi matangani, usiulize kama marehemu yuko hai huko aliko. Hilo halina mpinzani. Uliza kama khitma itasomwa, kisha tulia uwatazame wajomba wakigawanyika mkekani. Huyu atasema kisomo kinamfikia maiti, tena arobaini ni lazima. Yule atasema hiyo ni bidaa, na sufuria za pilau ni kuwabebesha wafiwa mzigo juu ya msiba. Wote wawili wanaamini Munkar na Nakir, wanaamini barzakh, wanangojea Kiyama. Wanachogombania ni kama sisi tuliobaki tuna kazi yoyote ya kumfanyia aliyetangulia.

Kwa Wakristo ni vilevile. Mkatoliki tarehe 2 Novemba anakwenda makaburini na kuwaombea walio toharani. Ndugu yake wa tumbo moja aliyeokoka anaona kazi ilikwisha pumzi ilipokatika, na maombi ya baadaye hayabadilishi kitu. Ndiyo maana nasema wanaoamini ahera hawatenganishwi sana na habari za pepo na moto. Wanatenganishwa na swali moja: wafu wanatuhitaji, au hawatuhitaji?

Wanafalsafa wa Kiyunani walijibu kwamba hawatuhitaji. Siku Socrates alipokunywa sumu huko Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, rafiki yake Crito alimuuliza wamzike vipi. Kwa masimulizi ya Plato, mzee alimjibu huku akicheka kwamba wamzike wapendavyo, mradi waweze kumkamata. Alimaanisha kuwa watakachofukia ni mwili, naye atakuwa ameshaondoka. Epicurus, aliyekuja baada yake, hakuwa na habari hata ya roho inayoondoka: aliyekufa hayupo, basi hana la kuhisi wala la kudai. Ni falsafa ya bei nafuu. Haihitaji ng'ombe wala mchele.

Jibu lililo mbali kabisa na hilo halikuandikwa kitabuni. Limesimama wima kwenye maboma ya Wagiriama, nyuma ya Kilifi na Malindi, na linaitwa kigango.

Mwanamume wa Kigiriama aliyeingia Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima ambacho kukiingia kwenyewe ni karamu na gharama, akifa habari yake haiishii kaburini. Huenda ikapita miaka. Kisha anamjia mmoja wa jamaa ndotoni, au mikosi inaanza kuandamana nyumbani, mtoto haponi, shamba halizai. Mganga anaulizwa, na jibu linakuja kwamba koma, mzimu wa marehemu, analalamika. Anaona baridi. Ana kiu. Watoto wake wanakula na kunywa na yeye hawamkumbuki. Basi fundi anaitwa. Anachagua mti mgumu usioliwa na mchwa, anachonga kichwa cha mviringo juu ya mwili bapa, mrefu, usio na mikono wala miguu, na mwili huo anaujaza nakshi za pembetatu, safu juu ya safu. Vingine vinapita kimo cha mtu mzima. Kikisimamishwa bomani kinafungwa vitambaa kama mtu anavyovishwa, kisha kinamwagiwa mnazi na kutengewa chakula, huku mzee aliyekufa akiitwa kwa jina lake na kuambiwa: hapa ndipo pako.

Mimi ni Mwislamu na sitamwaga mnazi mbele ya mti. Lakini nikilinganisha na sisi wa khitma, naona wao wamelijibu swali bila kumung'unya maneno. Wafu wanatuhitaji, tena wanakuja kudai.

John Mbiti, Mkamba aliyekuwa kasisi wa Kianglikana na mwanachuoni wa dini, alilieleza jambo hili vizuri kuliko wengi katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Ingawa aliandika kwa Kiingereza, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za hoja yake. Mtu akifa, alisema, hatoki mara moja kwenye Sasa. Anabaki humo maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, pengine hadi kizazi cha nne au cha tano. Siku anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani na kuwa roho miongoni mwa roho. Mbiti hakupenda kusikia ikisemwa kwamba Waafrika wanawaabudu wazee wao. Kwake, tone la kinywaji lililomwagwa chini lilikuwa ushirika wa watu wa nyumba moja.

Wapo waliompinga Mbiti kwa mengi, hasa kwa madai yake juu ya Waafrika na wakati ujao, na nadhani walikuwa na haki. Ila kwa kigango alipatia. Kigango kinamshikilia mtu ndani ya Sasa. Ukiking'oa, unamsukumia katika Zamani kabla ya siku yake.

Na vimeng'olewa. Kuanzia miaka ya 1970 wanunuzi wa ng'ambo waliviona ni sanaa ya kupendeza ukutani, na vijana wetu wenyewe, wasio na kazi, wakavibeba usiku kuvipeleka kwa wauzaji wa vinyago. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa kijiji cha Chalani, upande wa Kaloleni, kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Haukupita muda vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu huko Marekani, mwenzake Linda Giles alipokuwa akionyesha picha za vigango vya jumba moja la makumbusho, Udvardy akakitambua kimoja. Kilikuwa Illinois. Cha pili kikaja kuonekana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudi Chalani mwaka 2007. Mzee aliyevisimamisha alikuwa amekwisha kufa.

Hiyo ndiyo hadithi iliyomalizika vizuri, na ilimalizika hivyo kwa sababu ilikuwapo picha. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza kuwa litarudisha vigango 30, na hapo ndipo ugumu ulipojitokeza: virudi kwa nani? Aliyeiba hakuandika jina la boma, aliyenunua hakuuliza, na aliyepokea zawadi alifurahia nakshi. Vikirudi Kenya bila jina vitaingia ghalani mwa makumbusho, vipewe namba, vipigwe dawa ya wadudu. Ni afadhali kuliko sebule ya tajiri, sikatai. Lakini mtunza ghala hawezi kumwita kwa jina mzee asiyemjua ni baba wa nani.

Wafanyabiashara wana utetezi wao. Husema kwamba boma likihama kigango hakihami, kwa hiyo kile kilichobaki porini kimetupwa na hakina mwenyewe. Nusu ya kwanza ni kweli. Kigango hakihamishwi kwa sababu hakitakiwi kuguswa. Hata makaburi ya babu zetu tumeyaacha vichakani Takaungu na Mambrui, na sijasikia mtu akidai mifupa iliyomo ni ya anayeiokota.

Utetezi wa pili unatoka kwetu, na ndio unaoniudhi zaidi. Wako wahubiri na masheikh wanaowaambia vijana kwamba vigango ni ushetani, na kijana anatoka hapo akijiona ana fatwa ya kuuza. Kama huamini, huna lazima ya kumwaga mnazi. Hilo ni lako na Mola wako. Aliyeokoka haombei maiti, lakini hang'oi msalaba kwenye kaburi la Mkatoliki akauze mbao. Mpinga khitma haendi kuiba mchele wa matanga. Kutoamini kwako hakukupi hati ya kumiliki babu wa mwenzio.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 ipo. Kinachokosekana ni orodha. Kaunti ya Kilifi haihitaji wafadhili wala kongamano kutuma vijana wenye simu za kamera boma kwa boma, kwa ruhusa ya wazee, wapige picha kila kigango kilichobaki na kuandika ni cha nani na kilisimamishwa na nani. Kazi hiyo ianze kabla wazee wanaoyajua majina hayo hawajatangulia.

Na wewe mwenye nyumba ya wageni Watamu, uliyesimamisha kigango kando ya bwawa la kuogelea, mpigie simu aliyekuuzia. Muulize ni cha kuchongwa kwa watalii au kina mwenyewe. Akibabaika, kipeleke makumbusho wiki hii.