Acheni Kumlazimisha Bi Harusi Ngano



Leo hatukuja na mishono. Tumekuja na lawama, na lawama yenyewe inaanza na sisi.

Sisi ni mafundi cherehani wa kike hapa Mdandu, Wanging'ombe, mkoani Njombe. Baadhi yetu tumezaliwa visiwani, ndoa na biashara zikatuleta kwenye baridi hii. Tunashona magauni ya harusi, na wateja wetu wanatoka Njombe mjini mpaka Makambako. Kwa hiyo mwili wa bi harusi tunausoma kwa futi, wiki hata wiki.

Kuna binti tuliyemshonea gauni la nikaha. Siku ya kwanza kiuno kilikuwa inchi 28. Baada ya wiki tatu 26, kisha 25. Gauni tukalipunguza mara tatu. Ajabu ni kwamba akinywa chai kwa maandazi hapo dukani, tumbo linajaa mpaka zipu haifungi. Tulifanya nini? Tulicheka. Tukamwambia punguza mawazo, mume hakimbii, kisha tukamsogezea sahani ya maandazi anenepe.

Nyumbani kwao mmoja alisema hasadi, mwingine akasema jini. Mtoto wa watu anaharisha miezi, amechoka, damu haipandi hata akimeza vidonge. Alipopimwa hospitali ndipo ikajulikana kuwa ni ngano. Na hapo ndipo maneno yalipoanza: bi harusi anaringa, hataki chapati za ukweni, anajifanya Mzungu.

Jamani, tuelewe kwanza. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya rai mna protini iitwayo gluteni. Kwa mtu mwenye maradhi ya siliaki, akiila, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo ukiharibika, chakula kinapita bila kumfaa, ndiyo maana anakonda na kupungukiwa damu. Maradhi haya yasipotibiwa huhusishwa pia na kuchelewa kushika mimba na mimba kutoka. Fikirini mke kijana anayeitwa tasa, kumbe kila asubuhi analishwa kinachomdhuru. Dawa yake ni kuacha vyakula hivyo maisha yote.

Mtasema ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Wasaharawi, Waislamu wenzetu wa Sahara Magharibi. Zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikutwa nayo. Wala si deko la siku hizi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ya 1944 hadi 1945 ilipoondoa mikate mezani, wagonjwa wake walipata nafuu. Mikate iliporudi, wakaugua tena.

Mtasema kukataa chakula ni kukufuru neema. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, hakuwa akikitia chakula ila. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Kama kuacha kwa kutopenda tu kunaruhusiwa, vipi anayeacha kwa kuumia? Na mnaomletea talbina mkisema ni sunna, nia yenu njema, lakini talbina ni shayiri, na shayiri ina gluteni. Dini yetu imekataza kudhuru.

Mtasema kidogo hakidhuru. Kwa mwenye siliaki kinadhuru. Urojo huo mnaousifu umetiwa unga wa ngano uwe mzito. Vitumbua vya mchele, wengine wetu huchanganya kijiko cha ngano na hatusemi. Bajia za dengu zikikaangwa karai moja na sambusa, tayari zimeingia. Na mashine iliyotoka kusaga ngano ikisaga ulezi wake, unga huo haumfai.

Linalotuuma zaidi ni lile swali: sasa atakula nini? Swali hili likitoka kwa mtu wa visiwani ni aibu. Bibi zetu walituachia vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina, mofa wa mtama mtupu, bajia za kunde, muhogo wa nazi, ndizi, magimbi, kashata. Pilau na biriani ni mchele. Huku Mdandu kuna viazi mviringo, ugali wa mahindi, maharage na uji wa ulezi. Sisi ndio tuliojifungia kwenye unga mweupe wa dukani, ambao nchini mwetu sehemu kubwa ya ngano yake huagizwa nje, mpaka tunadhani bila chapati hakuna harusi.

Kwa hiyo tunasema wazi. Mama wa bi harusi, mwambie mpishi mapema, tena mbele ya mashahidi. Mpishi, tenga karai, mafuta na mwiko. Somo, wewe unayemfunda mwari, mfundishe kusema "hiki kinanidhuru" bila kuona haya, na siku za fungate hakikisha sahani yake iko salama. Mama mkwe, huyo ni mwanao sasa, usimpime mapenzi kwa chapati.

Nawe bi harusi ukiona dalili hizi, usiache ngano kwa kuambiwa na shoga. Nenda hospitali ungali unaila, kwa sababu ukishaacha, kipimo cha damu kinaweza kukuficha ukweli. Si kila zahanati ina kipimo hicho, basi omba rufaa. Na si kila tumbo linalojaa ni siliaki. Sisi wengine chapati tunakula na zinatushuka vizuri, alhamdulillah.

Yule binti aliolewa. Asubuhi ya fungate alipelekewa vitumbua vya mchele mtupu, vilivyopikwa kwenye chuma kipya. Miezi michache baadaye alirudi dukani, safari hii tukamwachilia gauni. Kiuno kimerudi 27.

Tunamuomba radhi kwa yale maandazi. Allah atujaalie ndimi zisizochoma na mikono inayolisha bila kudhuru. Aamin.