Ushirikiano gani bila siye?

Ndugu wakaaji wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, vijana wenzetu,

Tarehe 20 mwezi wa tano 2025, huko Genève, inchi wanachama wa OMS zilipitisha mapatano juu ya magonjwa ya mlipuko. Makofi yalipigwa. Lakini sehemu yenye kuuma zaidi waliiacha ijadiliwe nyuma: nani anachukua sampuli za virusi, na nani anapata faida ya dawa na chanjo zinazotoka mule. Siye tunasema: Kinshasa isiweke sahihi kwa jina letu bila kuuliza watu wa huku. Mambo hayo tulikwisha kuyapitia.

Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa nane 2018. Mpaka inatangazwa kuisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3,470 walikuwa wameipata, 2,287 wamekufa. Dunia nzima ilikuja. Magari yakajaa barabarani, bei za nyumba zikapanda, watu wakaanza kuiita biashara ya Ebola. Na hapa Beni tulikuwa tunachinjwa tangu mwezi wa kumi 2014, bila kuona mbio za namna ile. Mutu akiuliza juu ya nini feza ya ugonjwa inapatikana haraka na ulinzi unakosekana miaka mine, anaitwa mupinzani wa riposti.

Kisha kura. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, CENI ilitutoa kwenye uchaguzi, eti Ebola na usalama. Soko lilikuwa wazi, kanisa liko wazi, ila sanduku la kura ndilo lilikuwa na virusi! Rais aliapishwa mwezi wa kwanza. Siye tukaambiwa tupige kura mwezi wa tatu. Kesho yake, tarehe 27, kituo cha Ebola cha Beni kilishambuliwa, na watu walioketi mbali wakaandika kwamba hatuelewi ugonjwa. Ugonjwa tuliuelewa. Na dharau pia tuliielewa.

Hatuwasifu waliochoma vituo. Daktari Richard Mouzoko, Mukameruni, aliuawa Butembo tarehe 19 mwezi wa ine 2019 akiwa kazini kwa ajili yetu, na tunamulilia mpaka leo. Chanjo nayo ilifanya kazi: watu zaidi ya 300,000 waliipata. Hatukatai musaada. Tunakataa kusaidiwa kama mizigo.

Sababu angalieni hii. Tume huru iliyowekwa na OMS yenyewe ilitoa ripoti mwezi wa tisa 2021: watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono wakati wa riposti, 21 kati yao wafanyakazi wa OMS. Kazi kwa ngono. Wengine walibaki na mimba, watoto wamezaliwa. Kisha wanawake 104 wakapewa dola 250 kila mumoja. Dola 250, ndugu! Hiyo ndiyo bei ya dada yetu kwenye hesabu za ushirikiano wa kimataifa?

Na dawa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja 2018, dawa zilijaribiwa kwa wagonjwa 681 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mbili zilishinda. Moja ilitoka katika damu ya Mukongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, damu ambayo Profesa Muyembe alisaidia kuifikisha kwa watafiti. Leo zote mbili ziko mikononi mwa makampuni ya Marekani. Mwili wa majaribio ni wetu, haki ya kuziuza ni yao.

Ndiyo maana tunataka wajumbe wa Kinshasa wafike Beni na Butembo mbele ya kurudi Genève, waketi na waliopona, na wanawake wale, na wauguzi wa vituo vya afya vya kwetu. Sampuli isitoke huku bila maandishi yenye kusema akiba ya dawa itawekwa huku. Feza yote itangazwe hadharani. OMS iwarudilie wale wanawake kwa malipo yenye heshima. Na vijana waliosomea afya, ambao leo wanaendesha pikipiki, wasiitwe tu siku ya kunawisha watu mikono.

Barua hii tunaipeleka kwa meya wa Beni na wa Butembo wiki hii. Tunangoja jibu siku 15. Likikosekana, tutaketi mbele ya milango yao, bila jiwe hata moja mukononi.