Siilili ya Chwele imenyamaza: Mrithi ni nani?

Majuzi nililetewa habari kutoka Bungoma na binamu yangu, ambaye ana duka la nguo huko, kwamba yule mzee mpiga siilili wa Chwele amefariki dunia. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Aliongeza neno moja tu: kwamba siku ya maziko vijana walileta spika mbili kubwa na muziki wa kukodi, na siilili ya marehemu ilibaki imetundikwa ukutani, uzi umekatika. Neno hilo ndilo lililonikosesha usingizi, nami nimeona nilifikishe kwa wasomaji wa ukurasa huu, kwani jambo lenyewe si la Chwele peke yake.

Msomaji wa Pwani ambaye hajafika huko na aelewe kwamba Chwele ni mji wa soko katika Kaunti ya Bungoma, nchi ya Wabukusu, chini ya Mlima Elgon ambao wenyewe huuita Masaba. Siku ya soko ndizi hupangwa chini kama jeshi, na kuku hulia kila upande. Siilili nayo ni ala ambayo sisi tungeiita zeze. Ni mwanzi wa mti uliotobolewa, ukawambwa ngozi ya kenge, ukatiwa kijiti cha kushikia uzi. Hupigwa kwa uta, kama fidla ya taarabu, lakini haipandi begani. Huegemezwa mwilini, karibu na moyo. Wajaluo wana ndugu yake, nao humwita orutu.

Nilimwona mzee huyo mara ya kwanza mwezi wa Agosti, 1996. Wabukusu huwatahiri vijana wao katika miaka inayogawika kwa mbili, na Agosti ndio msimu, kwa hiyo nchi nzima ilikuwa katika shangwe ambazo sisi wazee wa Pwani tungezifananisha na zile za jando la zamani. Mimi nilikuwa kijana wa gazeti, nina kinasa sauti cha kanda begani na kiburi kichwani. Mzee alikuwa ameketi juu ya gogo kando ya wauza ndizi. Aliniita.

"Mtoto wa Mombasa, baba yako ni nani?"

Nikamtajia. Akauliza na jina la babu, na kazi ya babu, nikamwambia alikuwa baharia. Kisha akavuta uta. Sikuelewa maneno, lakini nilisikia jina la babu yangu likizunguka katikati ya soko la Chwele, na watu wakicheka na kutikisa vichwa. Mama mmoja muuza ndizi akanifasiria: mzee anamhurumia babu yako, kwa kuwa alitembea maisha yake yote juu ya njia isiyoshika nyayo, sasa mjukuu atamfuataje?

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mzee yule. Hakuwa mtumbuizaji tu. Alikuwa daftari la watu. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka, akina Kolongolo, Kikwameti, Maina, Chuma na wenzao, na majina hayo hurudi tena baada ya umri wa watu kadhaa. Mpiga siilili mwema akiingia uani mwako huanza kwa kukuita kwa rika lako, ukoo wako na wajomba zako, na akikosea hata jina moja huaibika yeye na waliomwalika. Muziki ulikuwa kamba, na majina yalikuwa shanga.

Nilimrekodi muda wa dakika arubaini hivi. Na hapa, msomaji wangu, sina budi kukiri kosa langu. Miezi michache baadaye nilikwenda kumhoji mwanasiasa mmoja, nikakuta sina kanda mpya. Nikatia ile ya Chwele, nikarekodi juu yake. Mahojiano yakatoka gazetini, yakafungiwa maandazi. Leo hakuna anayekumbuka neno moja alilosema bwana yule, wala mimi mwenyewe silikumbuki. Lakini sauti ya mzee nimeifuta kwa mkono wangu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hilo ndilo lililokuwa dhambi yangu kwa mzee yule: kanda. Sasa nadhani nilikosea hata katika kujuta kwangu. Tuchukulie kwamba kanda ile ingekuwapo. Je, ingemfundisha nani?

Sisi tuliosomea chuoni twajua jawabu. Astaghfirullahi, silinganishi Kitabu kitukufu na zeze la sokoni, na najua masheikh wetu wamekhitalifiana juu ya ala za nyuzi. Nalinganisha njia ya kufundisha tu. Msahafu umeandikwa, umechapishwa, na wasomaji mashuhuri wa Misri wamerekodiwa tangu enzi za santuri. Mbona basi twampeleka mtoto akae mkekani mbele ya mwalimu miaka na miaka? Kwa sababu santuri haisikii. Ukikosea mahali pa kuvuta, haikurudi. Ilimu hupita kutoka kinywa hadi sikio, na mwalimu hukutajia aliyemsomesha yeye, na aliyemsomesha huyo.

Mzee wa Chwele naye aliniambia kwamba alibeba siilili ya mjomba wake miaka mitatu, kutoka ngoma hadi ngoma, kabla ya kuruhusiwa kuugusa uta. "Hii kitu haitaki haraka," alisema. "Mkono unafundishwa na aibu."

Sasa tutazame hali ya mambo ilivyo nchini. Hatuwezi kusema kwamba serikali imelala. Katiba ya 2010 yasema katika Kifungu cha 11 kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa, na ikazipa kaunti shughuli za utamaduni. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Unesco iliziweka mila za Kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2009, na ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega ikafuata mwaka 2014. Tamasha la muziki nalo ni la tangu 1927, na wanafunzi hupanda jukwaani na ala za makwao wakapewa vikombe.

Yote hayo ni mema. Lakini angalia yanalinda nini. Sheria yalinda haki ya kitu, orodha yatangaza jina la kitu, na tamasha laonyesha kitu kwa dakika chache, kisha ala hurudishwa stoo hadi mwaka ujao. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachomlipa mzee akae na kijana miaka mitatu. Tumejenga ukuta kuzunguka kisima, tukamsahau mwenye kujua kuteka maji.

Nitatoa mfano wa mbali, wa watu ambao nao walikuwa maskini wa wapigaji. Kaskazini kabisa mwa Scotland kuna visiwa vya Shetland, ambako fidla ilikuwa ndiyo harusi na ndiyo ngoma. Alikuwako huko mtu mmoja, Tom Anderson, aliyezaliwa 1910, wakala wa bima. Kazi ya bima ilimpitisha nyumba kwa nyumba, na kila alipopita alikusanya nyimbo za wazee kabla hawajaenda nazo kaburini. Mwaka 1969 alitunga wimbo wa fidla usio na maneno, akauita “Da Slockit Light”, yaani taa iliyozimwa, kwa kuzikumbuka nyumba za kwao alikozaliwa ambazo hazikuwa na mtu tena. Hakuishia kulia. Katika miaka ya 1970 aliingia mashuleni akawa anafundisha watoto fidla ya Shetland. Alipofariki mwaka 1991 aliacha mkusanyo, naam, lakini aliacha na kitu kikubwa zaidi: vijana ambao mikono yao ilikuwa imeshasahihishwa na mkono wake.

Kwa hiyo rai yangu kwa wakuu wa Bungoma, na wa kaunti nyingine zote, ni fupi. Watafuteni wapigaji wazee waliobaki, wa siilili na wa litungu. Kila mmoja mpeni posho ya mwezi na wanafunzi wawili au watatu, muda wa miaka, si wa wiki moja. Mturubai na viti vya siku moja ya sherehe ya utamaduni ni gharama inayotosha kuanzia.

Na sisi wa Pwani tusiwacheke wa bara. Taarabu yetu ilijengwa juu ya fidla na udi, na Ikhwani Safaa ya Unguja ni ya tangu 1905. Hata hivyo leo harusi ngapi husikia fidla ya mkono, na ngapi husikia kinanda cha umeme kinachoigiza fidla? Chuo cha muziki cha Unguja, kile cha nchi za majahazi, kimefundisha vijana wengi taarabu na kidumbaki, lakini mwaka 2019 kilipungukiwa fedha hata ikahofiwa kwamba kitafungwa. Mpiga zumari wa mtaa wako, msomaji, ana mwanafunzi? Muulize leo, akiwa bado anaweza kujibu.

Binamu yangu aniambia yuko mjukuu mmoja wa marehemu, kijana wa miaka kumi na saba, ambaye baada ya matanga aliishusha siilili ukutani, akaipangusa vumbi, akaulizia nani wa kumtilia uzi. Aliambiwa kwamba yuko mzee mwingine upande wa Sirisia. Nimemtumia nauli.

Kanda mumeihifadhi, mwalimu mumemtupa,
Ilimu haina radhi, kwa mwenye kuja na pupa,
Si mali ya kukabidhi, wala deni la kukopa,
Keti mbele ya mwalimu, kabula hajaondoka.