TAHARIRI: Basari isitolewe Kwale bila ushauri

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yanapotangazwa, familia nyingi kuanzia Lungalunga hadi Diani na kuanzia Msambweni hadi Kinango hukabiliwa na uamuzi utakaodumu kuliko shangwe au majonzi ya gredi yenyewe: mtoto asomee nini, wapi, na kwa karo ya nani. Kwamba uamuzi mzito hivyo umeachiwa wazazi ambao wengi hawakupata nafasi ya kusoma chuoni, huku mawakala wa vyuo vya kibinafsi wakiwa ndio washauri wao wa karibu, ni ithibati kuwa wenye dhamana wameutelekeza wajibu wao.

Serikali ya kaunti haiwezi kulaumiwa kwa kutojali elimu. Mpango wa Elimu ni Sasa, ulioasisiwa katika utawala wa gavana wa zamani Salim Mvurya, umewafungulia milango vijana ambao umaskini ulikuwa umewazuia. Hata hivyo, basari inayolipia mwaka wa kwanza katika chuo ambacho familia haitakimudu mwaka wa pili haimsaidii mwanafunzi. Inamwahirishia tu masaibu. Mvutano wa 2025 kati ya kaunti na Msimamizi wa Bajeti kuhusu basari ulidhihirisha kuwa fedha hizo zenyewe si za kutegemewa milele. Nayo Base Titanium, iliyokuwa ikifadhili masomo ya vijana wa eneo hili, ilikoma kuchimba madini mwishoni mwa 2024. Wakati kama huu, kila shilingi inayopotea katika kozi isiyomfaa mwanafunzi ni shilingi aliyonyimwa mwingine.

Utaratibu uliopo haumtupi yeyote. Alama ya C+ ni kiwango cha chini cha kujiunga na shahada, C- ni ya stashahada, D ni ya cheti, na aliye chini ya hapo ana nafasi ya kusomea ufundi. Lakini wastani pekee hautoshi: stashahada ya uuguzi katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, chenye bewa Msambweni, hudai C na ufaulu katika masomo mahususi, ikiwemo biolojia. Mzazi asiyeelezwa hayo mapema huishia kuuza shamba kugharamia kozi ambayo bodi ya taaluma haitaitambua.

Wapo watakaodai kuwa kumwelekeza mwana wa Pwani kwenye chuo cha karo nafuu ni kumzimia ndoto, na hoja yao ina uzito. Gredi ya aliyesoma Kinango kwa njaa ya kiangazi haipimi akili yake yote, na Kwale inahitaji madaktari na wahandisi kutoka miongoni mwa watoto wake. Lakini heshima kwa ndoto haimaanishi kuipuuza hesabu. Anayeanza na cheti anaweza kupanda hadi stashahada, na hatimaye shahada katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Anayeacha masomo mwaka wa pili kwa kukosa karo hurejea nyumbani na deni, bila cheti chochote.

Kwa hivyo wajibu uko wazi. Walimu wakuu wawaite wanafunzi na wazazi wao kabla ya kumalizika kwa muda wa kutuma maombi kwa KUCCPS, inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Kaunti ichapishe gharama kamili ya kila kozi hadi kuhitimu, yakiwemo malazi, chakula na mafunzo ya nyanjani, kisha ijifunge kumfadhili hadi mwisho yule iliyemteua. Kwa kuwa Katiba imeikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, ivipatie wakufunzi na vifaa, kwani haina haki ya kuwahimiza vijana waende katika karakana tupu. TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, nayo ivifunge vyuo visivyosajiliwa kabla havijapokea karo, si baada ya wanafunzi kuhangaishwa.

Wazazi pia hawana budi kuuliza usajili wa chuo, karo yote, na kile mtoto anachokiweza na kukipenda, badala ya kufuata jina la chuo litakalosifiwa kijijini. Hata hivyo, mzazi hawezi kudaiwa busara aliyonyimwa taarifa zake. Kamati yoyote ya basari Kwale itakayotia saini hundi bila kwanza kuthibitisha kuwa gredi, kozi na uwezo wa familia vinaoana, itakuwa imetumia vibaya mali ya umma, na iwajibishwe hivyo.