UASU, lekchara wa muda ni wa nani?

Wasee, mnakumbuka mgomo wa 2025? Siku 49, kutoka 17 Septemba hadi 5 Novemba, na bilioni 7.9 zilizokuwa zinapiganiwa zilikuwa za mkataba wa 2017 hadi 2021. Yaani mtu angeweza kuingia chuo na kumaliza kabla lekchara wake alipwe alichoahidiwa. Hapo siwezi laumu UASU. Serikali ikisaini, ilipe.

Lakini huo mkataba unaongezea mshahara mtu mwenye ako na mshahara. Lekchara wa muda je? Yule anakufunza saa mbili asubuhi, saa nane yuko kwa matatu anakimbilia chuo ingine. Huyo analipwa kwa masaa aliyofunza, na hizo pesa zinaweza kuchelewa semista nzima, saa zingine miaka. Viongozi wa chama wakiketi kuandika madai yao yajayo, mimi ningetaka yeye awe wa kwanza kwa orodha.

Na msiseme haituhusu. Unajua stori ya maksi kupotea. Ulifanya CAT, ulifanya mtihani, ukiangalia matokeo hakuna kitu. Saa zingine ni uzembe tu, tuwe wakweli. Lakini saa zingine lekchara hajalipwa, kwa hivyo ameshikilia maksi, ndiyo silaha pekee ako nayo. Ofisi iliyokosa kumlipa haisumbuki. Wewe ndiye unakosa jina kwa listi ya kugraduate.

Najua jibu la chama: hawa si wanachama, hawakatwi ada kila mwezi. Sawa. Lakini kila darasa linalofunzwa kwa bei ya chini ni kazi ya kudumu ambayo chuo hakitaitangaza. Na siku ya mgomo, unadhani chuo kitampigia nani simu aje afunze? Kumwacha nje ni kujikata miguu.

Madai yenyewe si magumu: barua ya kazi kabla darasa lianze, malipo kabla semista iishe, na aliyefunza somo moja miaka mingi afikiriwe kwanza nafasi ikitokea.

Sisi hatupigi kura kwa uchaguzi wa UASU. Lekchara wako wa kudumu anapiga. Muulize atachagua nani na kwa nini. Lakini ngoja kwanza arudishe CAT, usijiletee shida.