Ampea Tano za Usoni, Ampea Tatu za Kazi

Kwenye vibanda vya mafundi simu vya Kariakoo, Dar es Salaam, na kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, haikosekani meza yenye kasha la chuma na tarakimu zinazowaka. Hiyo ndiyo pawasaplai. Simu iliyogoma hutolewa betri, nyaya mbili hubanwa mahali pake, kisha fundi husoma umeme unaonyweka. Ikianza kunywa kabla kitufe cha kuwashia hakijabonyezwa, huenda kuna shoti. Kikibonyezwa na tarakimu zisitikisike, huenda njia ya kuwashia imekatika. Ni vipimo vya dakika moja, na kifaa cha bei nafuu huvimudu vizuri tu.

Wapo wanaoviita vifaa hivi takataka. Wanavionea. Kasoro kubwa iko kwenye usomaji wa namba. Kasha lililoandikwa 305 kwa kawaida ni la volti 30 na ampea 5, na mnunuzi huzichukua tarakimu hizo kuwa kazi ya kutwa nzima, ilhali ni ukomo.

Chukua pawasaplai ya transfoma, inayochosha mkono kuibeba. Ikitoa volti 4 kwa ampea 5, wati 20 tu ndizo zinazofika kwenye mzigo. Ndani, hata hivyo, umeme huanzia volti za juu zaidi, tuseme 12, na zile 8 za ziada hugeuka joto. Zidisha kwa ampea 5: wati 40, sawa na balbu ya kizamani iliyowashwa ndani ya kasha. Ule mlio wa “tak” unaosikika kitasa kikizungushwa ni rilei ikihamia sehemu nyingine ya transfoma ili pengo hilo lisipanuke mno. Kwa hiyo volti chache na ampea nyingi ndiyo adhabu kubwa kwa mashine hii, ingawa wengi hudhani ni kinyume chake. Februari, Dar es Salaam, matundu yakiwa yamejaa vumbi na feni ikikwaruza, ampea 3 kwa kazi ya saa nzima ni kiwango cha heshima. Zile nyepesi zisizo na transfoma kubwa hupoteza joto kidogo, ila huingiza mikwaruzo ya umeme ambayo mtengeneza redio ataisikia mara moja.

Kitasa cha ampea nacho huaminiwa kupita kiasi. Mtu hukiweka kwenye miliampea 20, anapandisha volti hadi 12, kisha anagusisha taa ndogo ya LED, na taa inakufa papo hapo. Kidhibiti hakikulala. Kwenye mlango wa kutokea mna kapasita iliyokwisha kujaa, nayo humwaga umeme wake kabla kidhibiti hakijapata nafasi ya kufanya lolote. Dawa ni utaratibu: volti zishushwe kwanza, mzigo uunganishwe, ndipo zipandishwe taratibu. Na kwa kuwa baadhi ya vifaa hivi hurusha volti juu ghafla vinapowashwa au kuzimwa, mzigo uchomolewe kabla swichi haijaguswa.

Nyaya zinazokuja ndani ya boksi ni jambo la kusikitisha. Zikiwa na upinzani wa omu 0.2 kwenda na kurudi, ampea 2 zinapoteza volti 0.4 njiani. Kioo kinaonyesha 4.0, simu inapata 3.6, na fundi anaanza kulaumu saketi isiyo na hatia. Shilingi za kununulia nyaya nene na mita ya kuhakiki kile kioo zina faida kuliko kasha lenye tarakimu nyingi zaidi.

Wauzaji nao wanapaswa kubanwa. Mwenye duka anayejua kwamba kifaa hiki hakiwezi kutoa ampea zote kutwa nzima aseme hivyo, tena kabla ya kupokea pesa. Amkabidhi mteja plagi yenye ethi pia, si adapta ya pini mbili kwa kasha zima la chuma.

Betri zinazochajiwa kwa pawasaplai zinadai tahadhari ya pekee, kwa sababu nazo zina umeme wake. Ikiunganishwa kinyume, au ikiachwa imeungwa kwenye pawasaplai iliyozimwa, betri inaweza kuusukuma umeme huo kinyumenyume na kuunguza vipuri. Na anayetaka kuendesha amplifaya ya gari kwa ampea 10 mfululizo hana haja ya 305 mbili zilizofungwa pamoja. Atafute saplai ya volti 12 yenye ampea 15 au 20, isiyo na vitasa wala tarakimu.